Mstari Mmoja na Matawi Mawili

Jumanne, 30 Septemba 2025

Whitehall, pembeni mwa Columbus. Mvua tangu asubuhi.

Sura ya tatu ya tasnifu imekwama. Muda wote huu na herufi moja – na bado sijui waliokuwa wakiichonga waliiitaje. Mstari mmoja umesimama, matawi mawili yanapanda kutoka katikati, moja kila upande: ᛉ. Ni ya kumi na tano katika safu ya kale ya runi, zile herufi ambazo watu wa kaskazini mwa Ulaya walizichonga kwenye mifupa, mikuki na mawe kabla kalamu ya kanisa haijawafikia. Wataalamu wengine wanasema jina lake ni la yule mnyama mkubwa wa misitu ya baridi mwenye pembe kama matawi. Wengine wanasema ni nyasi kali za kinamasi. Hakuna mwenye hakika. Ilibeba sauti ya z, na z hiyo haikuanza neno hata moja katika lugha zao. Ilikaa mwishoni tu, kama mtu anayefika kanisani wakati wenzake wanatoka.

Naipenda kwa sababu hiyo. Mbele ya mwalimu wangu nisingethubutu kusema hivyo.

Nzigire wa mlango wa jirani alinikuta kwenye mashine za kufulia. Ni Mkongomani, anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, na macho yake mekundu daima. Akauliza kama bado nasoma ile herufi. Nikasema ndiyo. “Donc, banakulipaka juu ya herufi moja tu? Bon, na ungesomaka yote?” Akacheka mpaka akakalia kapu lake la nguo. Nami nikacheka. Ukiacha shukrani kwa dereva wa basi, hayo ndiyo maneno pekee niliyobadilishana na mtu leo.

Alhamisi, 2 Oktoba

Baba amepiga simu kutoka Louisville. Siku imepangwa: Jumamosi tarehe 25, Buffalo. Tutamaliza kilio cha mama.

Sisi Warundi ibada hiyo tunaiita kuganduka. Mpaka ifanyike, nyumba iko msibani, hata kama watu wake wanakwenda kazini, wanakula, wanacheka. Mama alifariki Novemba iliyopita akazikwa Louisville, na tungemalizia hukohuko. Lakini mjomba Gaudiosi, kaka yake mkubwa, anaishi Kenmore, pale juu ya Buffalo, na damu yake inasafishwa kwa mashine. Hawezi safari. Bila yeye hakuna kuganduka. Basi kilio kitamfuata alipo. Kwaya nzima ya Louisville itapanda kwa magari na kunipitia hapa Columbus.

Baba aliuliza kama nitapata ruhusa. Ruhusa! Ya kumlilia mama! Hakukusudia ubaya. Anazungumza nami kama anavyozungumza na watu wa ofisini – polepole, na kila sentensi ameishaiandaa.

Jumapili, 5 Oktoba

Spés, mwalimu wa kwaya, ametuma picha kwenye kundi la kwaya la simu. Majoho mapya ya Buffalo yamekamilika. Bluu iliyoiva, mikono mipana. Kisha picha ya pili: joho limegeuzwa mgongo. Na mgongoni, kwa uzi mweupe, kuanzia mabegani hadi kiunoni – alama ya mama.

Mstari mmoja, matawi mawili.

Mama aliishona kwenye kola za kwaya tangu kambini, Mtabila, tulipokuwa wakimbizi Tanzania, ndogo kama ukucha. Watoto wote tulifundishwa kwamba ni mtu anayemwinulia Mungu mikono. Spés ameandika chini ya picha: ili Leya wetu aonekane. Leya ndiye mama.

Nilikuwa najua, bila shaka. Siku ya kwanza nilipoikuta runi hii kitabuni, nilicheka peke yangu katikati ya darasa. Mama! Pengine ndiyo sababu nikaichagua. Lakini kola ni kola. Kidole gumba kinaifunika. Mgongo ni ukuta.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, huko Ujerumani na Austria, watu wenye ndoto za damu safi waliipa herufi hii jina jipya: runi ya uhai. Wakaigeuza miguu juu wakaiita runi ya kifo. Chini ya Hitler ikaandikwa kwenye matangazo ya misiba na makaburi ya askari – uhai mbele ya tarehe ya kuzaliwa, kifo mbele ya tarehe ya kufa. Hakuna hata chembe ya ukale katika hayo. Kisha ikavuka bahari. Hapa Marekani iko kwenye bendera na ngozi za watu wanaotaka tusiwepo.

Na baada ya ibada kwaya itatoka kanisani, itatembea barabarani ikiimba mpaka nyumbani kwa mjomba. Spés ameandika hivyo pia. Wote wamepiga makofi kwa vile viganja vya simu.

Nimeandika jibu, nikafuta. Nikaandika refu zaidi, nikafuta. Mwishowe nimetuma neno moja: Yamependeza.

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku nzima nimetafuta utetezi kama wakili.

Nimeupata mmoja. Uingereza haikuwa tena na kazi na sauti ile ya z, lakini herufi haikutupwa. Wakaipa kazi ya x. Na mwishoni mwa karne ya saba watawa wa kaskazini waliichonga kwenye jeneza la mbao la mtakatifu wao, ndani ya jina la Kristo lililofupishwa. Jeneza lipo mpaka leo. Herufi ya mama iko ndani ya jina la Kristo!

Nilisimama, nikazunguka chumba, nikataka kumpigia mtu. Nikatazama orodha ya majina kwenye simu. Nikakaa.

Mtu anayepita na gari lake Kenmore siku ya Jumamosi, je, ameshasikia habari za jeneza hilo?

Jumamosi, 11 Oktoba

Louisville. Nimekuja kwa basi, nikabadilisha Cincinnati. Nilijiambia: nitasema kabla ya kula. Nimekula mara mbili.

Mazoezi yalikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Nilipoingia wakanisalimu wote, wakubwa kwa wadogo, halafu kila mtu akarudi kwenye sauti yake – soprano huku, besi kule – nami nikabaki mlangoni na begi. Mdogo wangu Zenoni akanishika bega, akawatangazia wenzake wa besi: mpisheni daktari wa herufi zilizokufa. Walicheka vizuri, bila chuki. Nikaenda kukaa kwenye kona na mama mdogo Margareta, aliyekuwa kwenye cherehani akikunja pindo za mwisho.

Nikamwambia yeye. Kwa sauti ya chini, huku tenor wakirudia ubeti uleule waliokuwa wakiukosea. Nilimwambia kwamba mtu anayeinua mikono, kwa watu fulani wa nchi hii, si mtu anayeinua mikono.

Hakuinua uso. “Nani alikudanganya ni mtu?”

Halafu akanieleza, huku anashona, na kila baada ya maneno machache cherehani ikammeza sauti. Bomba la kambi lilifunguliwa asubuhi, lakini madumu yalipangwa foleni tangu jioni. Yote ya njano, yote sawa. Watu waliandika majina yao. Mama hakujua kuandika. Akamwomba mtu amwekee L, na kesho yake kukawa na L nyingine mbili kwenye foleni, na ugomvi mpaka wa kuvutana nguo. Basi akapasha msumari kwenye makaa akachoma mstari mmoja kwenye dumu lake. Jirani naye akachoma mstari. Mama akaongeza tawi. Jirani akaongeza tawi. Mama akaongeza la pili.

“Na jirani?” nikauliza.

“Akachoka.”

Margareta alicheka puani. Alama ilikuwa inasema: hili ni letu, usiliguse. Baadaye mama akaiweka kwenye sufuria, kwenye jembe, kwenye turubai la nyumba, kwenye kola ya shati langu la shule ili lisiibwe kwenye kamba. Akaishona kwenye kola za kwaya kwa sababu hiyohiyo. Ni mchungaji wa kule kambini aliyeiona akahubiri kwamba ni mtu anayeomba. Mama hakumbishia. Margareta anasema alipendezwa, alitembea wiki nzima kama bibi harusi.

Umbo kwanza, jina baadaye! Nimesoma miaka ili nijue hilo kuhusu runi, na sikulijua kuhusu mama. Wakulima wa kaskazini nao walikuwa na alama kama hizo, za kuchonga kwenye zana na masikio ya kondoo, na nyingi zinafanana na runi. Nilitaka kumwambia hilo pia. Lakini yeye alikuwa amerudi kwenye lile la kwanza.

Akauliza, kama hakimu, hao watu wangu walifika lini Mtabila.

Nikasema hawakufika, mama mdogo.

“Basi waivue wao.”

Jumapili, 12 Oktoba

Nimemwambia baba, jikoni, baada ya ibada. Zenoni alikuwepo, ameegemea jokofu.

Nilisema vibaya. Nilianzia mbali – safu ya kale, Austria, karne hii na ile – na nikasikia sauti yangu ikigeuka ile ya darasani. Baba alinisikiliza huku akifuta meza ambayo ilikuwa safi. Kisha akauliza jambo moja: mama yako alishona kitu kibaya? Nikasema hapana. Akasema, basi unasema nini.

Zenoni akasema kila nikija naja na jambo ambalo wao hawakulijua, na kila mara ni baya. Hajawahi kuniona nimekuja na jambo zuri ambalo hawakulijua. Nikatoa simu, nikawaonyesha picha. Bendera. Maandamano. Mkono wa mtu.

Zenoni aliishika simu muda mrefu. Uso wake ukabadilika, lakini si kama nilivyotegemea. Akauliza kama inaweza kuwa shingoni.

Nikasema inaweza kuwa popote.

Kuna mzungu kazini kwao, ghalani, upande wa kupakia. Ameichora chini ya sikio. Hasalimii watu. Zenoni alikuwa anamwonea huruma – alidhani ni mlokole mwenzetu aliyetengwa na wenzake kwa ajili ya imani. Siku moja mwezi wa sita akamfuata wakati wa mapumziko. Alikuwa amevaa shati la kwaya. Akainua kola, akamwonyesha alama ya mama, kisha akanyoosha kidole kwenye shingo ya yule mtu. Akamwambia: “Wewe na mimi, ndugu.”

Baba akaacha kufuta meza. Akauliza yule mtu alifanya nini.

“Alinitazama.”

Zenoni alisema hivyo akawa anajaribu kucheka. Baadaye akasema yule mtu alinyoosha mkono akaigusa ile kola, polepole, kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Kisha akaenda zake. Tangu siku hiyo anamtazama kila zamu. Zenoni alidhani ni kwa sababu amevutiwa na Injili.

Nilikuwa nimesubiri wanielewe, na sasa walikuwa wamenielewa, na nilitamani nirudishe maneno yote mdomoni.

Njiani kwenda kituoni baba aliendesha bila redio. Alipoegesha akasema tutamwuliza Gaudiosi. Leya ni dada yake. Alama ni ya upande wao.

Jumatano, 15 Oktoba

Whitehall. Baridi.

Kundi la kwaya limenyamaza. Hata zile salamu za asubuhi za Spés, zenye maua na mistari ya Zaburi, hazijaja. Zenoni lazima amewaeleza. Nimeua kundi.

Mwalimu wangu amerudisha sura ya tatu. Anasema imeshiba maumbo lakini haina watu. Nani aliitumia herufi hii, anauliza pembeni mwa ukurasa. Kwa ajili gani. Nimefunga kompyuta nikatembea Broad Street mpaka njia ya miguu ilipoisha, kama inavyoisha daima hapa, bila taarifa, kwenye nyasi. Magari yananipita. Nimegeuka.

Jumapili, 19 Oktoba

Nzigire ameleta sombe, kile kisamvu cha kwao, bado ya moto, kwenye bakuli lenye mfuniko. Anasema ukuta ni mwembamba. “Unaliaka sana juu ya hii masomo, weye.”

Nikasema ndiyo, ni masomo.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kenmore, nyumbani kwa mjomba Gaudiosi. Naandika kwenye ngazi, nyumba imejaa.

Magari yalinichukua asubuhi. Zamani kwaya hii haikuweza kuvuka mtaa bila kuimba. Leo tumetoka Columbus, tukalipita ziwa la Erie lote, la kijivu, halina ng'ambo, na hakuna aliyeanzisha hata wimbo mmoja. Kiti cha pembeni yangu kilikaa wazi. Karibu na Cleveland Margareta alihama kutoka nyuma, akakaa, akalala begani kwangu na kukoroma. Sikusogea mpaka mkono ukafa ganzi.

Spés alikaa mbele, majoho yamefungwa kwenye mifuko miguuni pake. Hakunisalimia vibaya. Alinisalimia kama mgeni.

Mjomba amepungua. Mkono wanaoingizia mashine umevimba kama kamba iliyofungwa vifundo. Lakini sauti ni ileile. Hakutaka chai kwanza, alitaka kuona. Spés akafungua mfuko, akatandaza joho moja magotini pake, mgongo juu. Mjomba akaifuata alama kwa kidole, kutoka chini kwenda juu, tawi, tawi. Akaanza kucheka. Alikumbuka dumu. Alimkumbuka na jirani. Anasema yule jirani alikuja siku ya kuondoka kambini, akamwomba Leya amruhusu atumie alama ile kwa kuwa sasa mwenye alama anakwenda Amerika. Leya akakataa! Watu wakacheka, hata Spés, na kwa muda mfupi nikadhani yameisha.

Kisha akaniita nikae chini mbele yake. Anataka kusikia kwa mdomo wangu, siyo wa Zenoni.

Safari hii nilisema kwa maneno machache. Nilisema herufi ni ya zamani sana na haina kosa. Nikasema iko kwenye jeneza la mtakatifu, ndani ya jina la Kristo, na hapo wazee wa kwaya wakasogea, nikaona matumaini usoni mwa Spés. Nikasema pia iko kwenye shingo ya yule mtu wa ghalani.

Mjomba akauliza: mtu wa barabara hii akiiona kesho, ataijua ya jeneza au ya shingoni?

Nilimtazama Spés. Alikuwa ananitazama kama mtu anayemwangalia mwenye funguo. Ningeweza kusema ya jeneza. Nani angebisha? Mimi ndiye niliyesoma.

“Ya shingoni, mjomba.”

Kisha akasema mambo ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema. Kwamba mji huu ulishaona kijana akiingia dukani, Jumamosi mchana, watu weusi wananunua chakula, akawaua kumi, na bunduki yake ilikuwa na maandishi ya chuki. Kwamba tangu hapo yeye akienda dukani anasimama anapouona mlango. Wenzake wa chumba cha mashine, weusi wa hapahapa, kuna waliompoteza mtu. Hao wamealikwa kesho. Watakaa viti vya mbele.

“Sitawaingizia hiyo kwa mgongo wa dada yangu,” akasema. “Ifumuliwe. Aanze mtoto wake.”

Spés alilikunja joho vizuri, kona kwa kona, akalirudisha mfukoni, akaenda jikoni. Alishona kiangazi chote, baada ya kazi ya kuwahudumia wazee wa watu. Nilimfuata. Alikuwa anaosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Nikasema mama Spés, nisamehe. Akasema hakuna kosa mwanangu, akazidisha maji.

Nilikuwa sahihi. Nimekaa na usahihi wangu hapa kwenye ngazi. Watu wanapita juu yangu kwenda chooni na kusema samahani.

Jumamosi, 25 Oktoba

Buffalo, chini ya kanisa. Chumba cha chakula, meza ndefu, taa za mrija. Ibada itaanza mchana. Wageni wameanza kuingia juu, nasikia viti vikiburutwa.

Walinikalisha kwenye kichwa cha meza. Spés akaweka joho mbele yangu na kile kisu kidogo cha kufumulia, chenye ncha ya uma. Wote walisimama. Hakuna aliyegusa lake.

Nilidhani nitalia. Sikulia. Uzi wa Spés ni mkaidi – ameshona mara mbili, juu na chini, ili usitoke hata kwa kufuliwa. Inabidi kukata, kuvuta, kukata. Nilianza na tawi la kushoto. Lilipoisha, kichwa changu hakikunisubiri: mstari na tawi moja la kulia, hiyo ni k ya safu ya baadaye. Nikafumua la kulia. Mstari mtupu: i. Nilikuwa nasoma! Namfumua mama na bado nasoma. Niliona aibu, nikashuka na mstari haraka hadi chini, nikajichoma kidole.

Kisha wengine wakaketi. Kwa muda kulikuwa na sauti ya nyuzi tu, na pumzi. Halafu Margareta akaanza kumsema yule jirani wa dumu – laiti angekuwepo leo, angeona tumemwachia alama bure. Mtu akacheka. Zenoni, ambaye hajawahi kushika sindano, alikuwa amechana joho lake, na wa soprano wakamtania kwamba ataimba huku anapigwa na upepo. Yeye akasema afadhali upepo. Mama Spés alisogeza kiti karibu yangu. Nyuzi nyeupe zilijaa magotini petu, kwenye nywele, kwenye chai. Sijakaa na watu hivi tangu msiba. Nililifikiria hilo, nikaogopa kulifikiria.

Nikainua joho langu nilikung'ute.

Matundu. Kila mahali sindano ilipopita pamebaki tundu, na kitambaa chini ya uzi hakijapauka kama kitambaa cha pembeni. Spés alikuwa ameyaanika majoho juani dirishani kwake kiangazi chote. Alama ipo. Bluu juu ya bluu, imetobolewa.

Margareta alichukua maji ya moto na kijiko, akakisugua kitambaa kwa mgongo wa kijiko ili nyuzi zijifunge. Anasema kitambaa kikiwa hai hujifunga. Hiki ni cha plastiki. Akasugua mpaka akatoka jasho. Wengine wameanza kuinua yao, mmoja mmoja, na kuyaelekeza kwenye taa.

Juu wameanza wimbo wa kwanza. Mjomba amefika – nimesikia magurudumu ya kiti chake sakafuni, na watu wakisimama kumpisha. Mtu wa mlangoni ameshuka mara mbili kuuliza kama kwaya iko tayari. Spés amemjibu: dakika kidogo, baba.

Baba ameshuka. Alikuwa na wageni. Amezunguka meza, amelichukua joho lililo mbele yangu, lile la kwanza, limelowa katikati, na kulivaa juu ya suti yake. Linambana mabegani. Amenigeuzia mgongo.

“Fides. Inaonekana?”

Kila mtu ameacha alichokuwa anafanya. Spés ameshika mkasi hewani. Nimesema ngoja, baba, nisogee kwenye mwanga, na badala ya kusogea nimechukua kalamu, kwa sababu mikono yangu inahitaji kufanya kitu. Watadhani naandika hotuba ya familia.

Inaonekana. Mtu wa barabarani hataiona, nadhani. Mtu wa viti vya mbele, sijui. Mimi naiona yote, mstari na matawi mawili, inapanda na kushuka anavyopumua. Baba amesimama wima. Mikono ameiachanisha kidogo na mwili, kama mtu anayepimwa nguo. Anauliza tena, taratibu zaidi, na sasa namsikia vizuri, na sijui kama anaomba niseme ndiyo au hapana –